Mungu Asiyenipinga

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba, shule niliacha darasa la pili na bado sijamwona fundi wa kunifundisha kupiga randa, mabenchi yote ya kanisa letu ni mkono wangu, kalia utakavyo, hayalii. Sasa sikiliza. Mwaka jana randa yangu ilipotea, nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, mwizi mbele ya majirani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafagia karakana, halafu baada ya wiki mbili nikaikuta mwenyewe chini ya vumbi la mbao, imelala tu. Nikaungama kwenye jumuiya yetu, ile ya majirani tunaosali nyumba kwa nyumba kila Jumatano, nikaahidi kumwomba radhi. Basi wakanishika hapo hapo! Kila Jumatano mwenyekiti, fundi cherehani ambaye meza yake ya kwanza nilimchongea mimi, ananiuliza mbele ya watu, "Babu, umeenda?" Nasema bado. Wiki ijayo tena, "Babu, umeenda?" Nikamwambia, "Mimi nimeanza kusali wewe hujaota meno, kaulize wenzako!" Nikaondoka, nikawakataza wasinibishie hodi, nitasali peke yangu karakanani, Mungu ananijua.

Na kweli nasali, asubuhi na jioni, kwa sauti, vizuri kuliko wote. Lakini kuna jambo linaninyima raha. Siku hizi Mungu ananikubalia kila kitu. Nikisema mkwe ndiye alipaswa kuja kwangu kwanza, anakubali. Nikisema fundi cherehani ana kiburi, anakubali haraka. Juzi nikasema, Baba, mimi sina kosa, nikasikia kimya kitamu, halafu hofu ikanishika. Huyu ninayesema naye ni nani? Mwanangu na mkewe wanahamia mbali mwisho wa mwezi, na mjukuu wangu akichungulia dirishani kwangu anavutwa mkono. Niambie, nisali kwa muda mrefu zaidi, au vipi? Ila usiniambie nirudi kule.

Mzee Msumari

Mzee wangu, shikamoo. Rudi kule.

Usikunje barua, soma mpaka mwisho. Hofu yako imenipa moyo, maana aliyepotea kabisa hashtuki akikubaliwa. Lakini wewe fundi, ubao kama umenyooka unaupima kwa kitu gani? Kwa rula, au unauuliza ubao wenyewe? Hao majirani ndio rula yako, na ndiyo maana wamekuudhi. Uliahidi mbele yao, wakakusaidia kuibeba ahadi, wewe ukawafungia mlango. Na mkwe uliyemtukana hadharani unataka kumsafisha kwa siri, karakanani? Hapana, baba.

Kusali zaidi? Kwa leo inatosha. Jifute vumbi, nenda kwa fundi cherehani, mwambie, "Sijaenda. Nisindikize." Atakukaripia, vumilia. Waiteni majirani waliosikia lile tusi, shika randa yako mkononi, nendeni kwa mkwe. Sema, "Nilikusingizia, mwanangu, nilikuwa nayo mwenyewe." Ishie hapo, habari za mabenchi ziache. Huenda asikusamehe siku hiyo, na watahama vilevile. Wewe nenda tu, kabla mizigo haijafungwa.

Kisha Jumatano uwahi kufika. Ukiona mwenyekiti anasita kukuuliza, mwambie aulize.