Gari la Milango Miwili na Sikio la Mkwe Wangu

Jumamosi, Aprili 1997. Mtaa wa Dallas, Embu.

Mvua imekatika tangu saa nne asubuhi lakini mawingu bado yamenuna. Na mimi nimenuna.

Nimechoka na wanaume wenye magari. Wacha niseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Ninaandika polepole kwa sababu herufi nimezijua uzeeni, kwenye darasa la ngumbaru kule kwetu Kanyakine. Mwalimu alituambia kila mtu aandike mambo yake ya siku, hata mistari miwili. Mistari miwili! Leo daftari hili litaomba msamaha.

Aliyeniita huku Embu ni binti yangu Kagendo. Ana mimba ya miezi minane, ya tatu. Alituma mtu kunieleza, "Mama aje haraka, Njeru amepagawa." Njeru ni mume wake, kijana wa Embu, ana duka la vipuri vya magari hapo mjini. Nikafikiri amekuwa mlevi. Nikafikiri ana mwanamke. Nikafunga ndizi na njahi kwenye kikapu, nikaja jana na hotuba yangu tayari kichwani.

Kumbe ni drifti.

Afadhali pombe. Pombe mtu akilala inamtoka.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Rafiki yake anayeleta magari ya mitumba kutoka Japani alimpa mkanda wa video. Ndani yake Wajapani wanaendesha magari kwa ubavu, gari linaangalia huku na linaenda kule, kama mbuzi anayekataa kamba. Tairi zinatoa moshi. Watu wanapiga makofi. Mimi nimeishi Kanyakine maisha yangu yote, na kila Aprili magari huserereka kwenye matope yetu bila kufundishwa na mtu. Sisi gari likienda kwa ubavu tunaita watu wa kusukuma, hatuiti wa kupiga makofi.

Njeru ameutazama mkanda huo mpaka Kagendo anajua milio yote. Halafu akaanza kujaribu kwenye uwanja wa udongo nyuma ya mtaa, na gari lao la nyumbani, lile jeupe la milango minne. Gari likamkatalia. Anakata kona, anavuta breki ya mkono, linakokota matako kidogo halafu linasimama kama punda. Amekata waya wa breki mara mbili. Ndipo akagundua, au ameambiwa, kwamba gari hilo linavutwa na magurudumu ya mbele, na drifti inataka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Hapo nilimwelewa, na nilichukia kumwelewa. Nimevuta mkokoteni wa maji miaka mingi. Ukiuvuta, unakufuata. Ukiusukuma kwa nyuma kwenye mteremko, unakuwa na akili zake, mkia unataka kupita kichwa.

Basi bwana Njeru amepata gari la nyuma. Jekundu, fupi, la milango miwili. Mwenyewe ni Salim, mtu wa Majengo kule Meru, na amekubali wabadilishane gari kwa gari. Hapo ndipo Kagendo alipolia. Mtoto wake wa pili alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha lile gari jeupe, karibu kabisa na lango la hospitali. Watoto wake hawana subira, wakisema wanakuja wanakuja. Na huyu wa tatu atakuja mwezi ujao.

Njeru amemwambia Kagendo, "Mama yako akikataa, nitaacha." Kagendo akasema ni maneno rahisi, mama atakataa, mama hana breki mdomoni.

Lakini ninyi watoto wa siku hizi mmesahau kitu kinaitwa thoni.

Njeru ni mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa mbali. Hatushikani mikono. Hatukai kiti kimoja. Hatugombani uso kwa uso, hata kidogo. Ningekuwa na neno zito kwake, ningelipitisha kwa mzee. Mimi ambaye nimemwambia chifu kwamba suruali yake imefunguka, mbele ya baraza zima! Lakini kwa Njeru mdomo wangu umefungwa kwa kamba ya mama yangu na nyanya yangu.

Nimeumia leo. Nimeumia kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Salim alifika saa tano na gari lake. Njeru akasimama kando ya ua, kofia mkononi, macho chini. Mimi nikasimama mlangoni. Kagendo katikati, tumbo mbele.

"Mwambie mume wako gari ni zuri kwa rangi," nikasema.

"Amesema gari ni zuri kwa rangi," akasema Kagendo, na mume alikuwa hatua nne tu kutoka kwangu.

"Mwambie Mama asante," akasema Njeru.

"Mwambie rangi haibebi mtu mwenye mimba."

Njeru akaangalia viatu vyake. Na mimi sikuweza kuongeza. Ndipo nikamwona Salim anapangusa kioo kwa kitambaa, anajitabasamia, na nikakumbuka kwamba Salim si mkwe wangu.

Mungu anisamehe. Nilimmwagia yote.

"Wewe! Mtu mzima, una ndevu, unawaza kuchezesha gari kama mtoto na tairi la baiskeli! Mke wako yuko karibu kujifungua, na wewe unataka moshi!"

Salim akaangalia nyuma yake. "Mama yangu, mke wangu yuko Majengo, hana mimba."

"Nyamaza! Unatoa gari la watoto wako unachukua hili bakuli la supu! Usiku mke akishikwa na uchungu utamtia wapi? Kwenye buti?"

"Wallahi mimi nabadilishana gari tu, Mama. Mimi hata sijui hiyo drifti."

"Kama hujui nyamaza ufundishwe!"

Niliona mabega ya Njeru yanashuka kila nikisema neno. Neno lilikuwa linafika. Kagendo amefunika mdomo kwa leso, sijui analia ama anacheka. Maskini Salim alibaki na kitambaa mkononi, mtu amepigwa fimbo za mwingine. Nilimpa ndizi baadaye. Akala nne.

Salim ndiye aliyeharibu mambo. Alisema, "Mama, usilihukumu kabla hujalipanda. Panda, Njeru akuzungushe hapo uwanjani, halafu unitukane vizuri."

Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nikasema moyoni, nitapanda, nitashuka, nitatema mate, mambo kwisha.

Sasa, kiti cha mbele karibu na mkwe siwezi kukaa. Kwa hivyo ni nyuma. Na gari la milango miwili halina mlango wa nyuma. Unakunja kiti cha mbele, unainama, unapita kwenye tundu kama kuku anayeingia bandani. Mimi si kuku. Nilifika katikati nikakwama, kichwa ndani, na yale mengine yote nje, yanaiangalia Dallas.

Nilimsikia Njeru akikimbia. Alienda mpaka kwenye ua akageuza uso, akaziba macho kwa kofia. Kijana wa heshima. Kagendo alijaribu kunisukuma lakini yeye mwenyewe hawezi kuinama, tumbo linagonga mlango. Jirani mmoja mama akaja akanipiga bega, nikaingia kama gunia.

Na nikiwa mle ndani nikaelewa yote bila hotuba. Kagendo hawezi kuingia humu. Hata akitaka. Hata Njeru akimbeba.

Njeru akaja, akaketi mbele, akasema kwa sauti ndogo, akiongea na usukani, "Shika vizuri."

Uwanja ulikuwa umelowa, udongo mwekundu, laini. Akaenda polepole kwanza. Halafu gari likaunguruma, akazungusha usukani, akavuta ile breki, na mkia ukaenda! Kiti cha nyuma kilikuwa kinateleza kama kimepakwa mafuta. Nikatoka dirisha hili nikaenda dirisha lile. Nikatafuta kitu cha kushika, nikashika.

Nilikuwa nimeshika sikio la mkwe wangu.

Mama yangu angekuwa hai angeanguka. Siku zake, kumgusa mkwe tu kungeitisha kondoo wa faini na wazee. Na mimi sikumgusa, nilining'inia! Njeru naye, kwa heshima, hakuweza kuniambia niachie. Kijana alizunguka uwanja mara mbili, gari kwa ubavu, kichwa kwa ubavu, hakupiga hata kelele.

Sasa naandika jambo ambalo sitamwambia mtu. Mzunguko wa kwanza niliomba. Mzunguko wa pili nilicheka. Nilicheka mpaka machozi. Niliona ua unapita, goli linapita, Salim anapita ameshika kichwa, na gari likaenda mahali pale pale Njeru alipotaka liende, kama ng'ombe anayejua mchungaji wake. Anajua. Huyo kijana si mwendawazimu, anajua kazi hiyo. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Gari likasimama. Nikaachia sikio. Lilikuwa jekundu kama gari.

Halafu Njeru akageuka, akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu alete mbuzi wa mahari.

"Mama, umeumia?"

Thoni ilikuwa imekwisha vunjika, vipande viko chini, nikaona nitembee juu yake. "Sijaumia. Njeru, Kagendo hawezi kupita kwenye tundu hilo. Umeniona mimi."

"Sikuangalia, Mama."

"Basi nakwambia. Nimekwama, na mimi sina mtoto tumboni."

Akainamisha kichwa kwenye usukani. Akasema, "Nimekosa. Kila siku nauza vipande vya magari ya watu, Mama. Nilitaka tu kitu kimoja ninachokiweza."

Ningemkasirikia vipi? Kijana amenyamaza miaka minane mbele yangu, na neno la kwanza la moyoni mwake ni hilo. Nikamuuliza swali la mjinga, kwa sababu sijasoma na siogopi kuonekana mjinga. "Hakuna gari linalosukumwa nyuma na lina milango minne?"

Akaniangalia kama nimefungua dirisha. Akamwita Salim. Salim akasema, "Yapo, Mama! Tele! Hata teksi nyingi za zamani zinasukuma kwa nyuma. Ila yeye alitaka kama la mkanda."

Kama la mkanda! Wanaume wawili, miezi miwili, mkanda mmoja, hakuna aliyeuliza. Niliwatukana wote wawili kwa pamoja, na safari hii sikupitia kwa mtu.

Tumekubaliana. Salim amerudi Majengo na jekundu lake. Atatafuta la milango minne, la gia za mkono, mashine isiyo na nguvu nyingi, maana Njeru mwenyewe amekiri mwanafunzi akipewa nguvu nyingi anajifunza kaburi. Lakini jeupe halibadilishwi na chochote mpaka mtoto azaliwe na Kagendo asimame vizuri.

Kagendo hasemi na mimi. Ameniambia mara moja tu, akimenya viazi, "Mama, nilikuita uzime moto. Umeleta kuni." Nikamwambia moto wa mwanamume hauzimwi, unahamishwa mahali hauwezi kuunguza nyumba. Akasema niache methali, nimenye viazi. Nimemenya. Ana haki yake. Namwogopea kuliko anavyojiogopea, na sikumwambia vizuri.

Je, nimekosea? Ningekataa tu kama nilivyotumwa, Njeru angeacha, na Kagendo angeishi na mume aliyeacha kitu kimoja anachokiweza. Sijui lipi ni zito.

Kitu kimoja najua. Nimeamua sirudi Kanyakine mpaka nimshike huyo mtoto. Na jioni hii Njeru ameweka ufunguo wa gari jeupe kwenye kigoda, akaondoka, nami nikauchukua, kwa sababu hatupeani mkononi. Tumerudi kwenye thoni yetu, yeye kule, mimi huku. Dukani ataenda kwa miguu, si mbali. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso, kiunoni kwangu. Kagendo akishikwa, nitapiga mlango wao kwa ngumi na kuurusha ufunguo ndani. Kabla ya hapo, hakuna mkwe juu ya nchi hii anayeweza kuja kuuomba hapo ulipo.