Hamira Iliyopewa Jeni la Ng'ombe

Mayu,

Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje? Na mahindi ya huko Sibwesa, mvua imeyaacha salama? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanipasua midomo.

Dada ameniambia unalalamika kwamba wiki tatu sijapiga simu. Ni kweli. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ndani ya kila kiumbe kuna protini, na zikiharibika lazima zikatwekatwe. Kuna vimeng'enya vya kazi hiyo, navyo havikati bila kutumia nishati. Bakteria anavyo, hamira unayoumulia maandazi inavyo, ng'ombe wa baba wanavyo, na sisi tunavyo, karibu vya namna moja. Mimi niliondoa kimoja kwenye hamira, ikashindwa kukua. Kisha nikaipa jeni la kutengeneza kimeng'enya hicho hicho, ila la ng'ombe. Siku ya nne sahani niliyoiotesha imejaa madoa meupe. Imekua!

Nikamkimbilia msimamizi wangu. Akaitazama tu.

"Umechanganya sahani. Hii ni hamira nzima, isiyoondolewa kitu."

"Sijachanganya, Profesa."

"Wote wanaoanza husema hivyo."

Akawaandikia watu wote wa maabara wawe makini. Hakunitaja, lakini waligeuka kunitazama mimi. Rafiki yangu Mhindi, ninayekaa naye meza moja, akasema, "Kubali tu yaishe." Nilikaribia kukubali, Mayu. Ila nikaona nikikubali, kila nitakachofanya baadaye kitashukiwa.

Nikaanza upya. Safari hii fundi wa maabara ndiye aliyeziwekea sahani namba zake, mimi nisijue ipi ni ipi. Zenye hamira isiyopewa jeni zikabaki tupu. Hamira iliyopewa jeni la ng'ombe ikakua, taratibu kuliko hamira nzima, lakini ikakua.

Profesa alizikagua moja moja. "Basi ni kweli," akasema, akaondoka. Kesho yake akawaandikia wale wale kwamba aliyekosea ni yeye. Nilisoma mara mbili, nikaenda kunawa uso.

Nisalimie baba, shangazi anayeanika dagaa Ikola, na kaka yetu mwalimu wa Kabungu. Nyie wote nawakumbuka.

Nisamehe kwa kimya changu. Niliona aibu kwa kosa lisilo langu, nikakukimbia hata wewe. Sitarudia.

Binti yako,
Kabula