Tulivyoivamia Kua Siku ya Mwaka

Dago la wavuvi, Juani, Mafia

Kaka Bakari,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa? Na mama, magoti yanamruhusu kufika kisimani? Mimi mzima, ukiondoa meno mawili ya mbele na sikio la kushoto ambalo bado linavuma. Hapo usimsomee mama.

Nilikwambia habari za Mwanaisha, binti wa hapa Juani, na kaka yake Haji, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yao afariki. Nilipopeleka neno la posa, Haji alinijibu mbele za watu kwamba sisi wa dago tunalala mchangani, tunakausha samaki, tunaondoka, na dada yake si samaki. Nikitaka kusikilizwa, nimshinde kwanza katika vita vya siku ya Mwaka. Hasira zangu unazijua. Nilikubali kabla hajamaliza.

Mchezo wao unafanana na ule wa kwetu Kilwa ambao wewe ulikuwa ukituongoza, ila wao wanauchezea ndani ya magofu ya Kua. Wenyeji wanakuwa Wakua, wanalinda mji. Sisi wageni tunakuwa Wasakalava, wale waliotoka Bukini, yaani Madagaska, zamani wakauvunja mji na kuchukua watu utumwani. Watu wa Ndagoni ni majirani, wanasaidia upande wanaoutaka. Silaha ni mapande ya mgomba. Ukiangushwa kwa pande umekufa, unakaa papo hapo mpaka mwisho. Kanga ya Mwanaisha ilifungwa kwenye mlingoti ndani ya jumba la mfalme. Tukiishika, mji wetu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba makundi makundi hayafai wakati huu wa ujamaa, lakini siku yenyewe alifika kabla ya wote, na kiti chake.

Nilitumia mbinu yako: ngoma mbele, watu nyuma. Nusu yetu wakaenda langoni kwa kelele. Haji aliwapanga watu wake wawili wawili, mmoja anakinga kwa ungo, mwenzake anapiga miguu, na wetu wakaanguka hovyo. Mpishi wetu alipigwa tumbo akatapika, akakaa palepale kwenye matapishi yake, maana sheria ni sheria. Sisi wengine tulipita mikokoni, maji yamekupwa, tope magotini, tukapanda ukuta wa nyuma.

Pande la mgomba likilowa ni zito, kaka. Mmoja alinipiga mdomoni meno yakatoka, nami nikampiga shingoni akalala. Nitasema kweli, nilifurahi. Watu ninaoswali nao safu moja nilikuwa nawapiga nikitaka waumie. Basi wale wa Ndagoni, waliokuwa wamekaa wanatafuna miwa, walipoona langoni tumekwisha, wakajitia upande wa Wakua na kutufungia nyuma. Wenzangu wakaangushwa mmoja mmoja. Nikaingia jumbani peke yangu, na Haji amesimama mbele ya mlingoti.

Nilimpiga mpaka pande lake likakatika, akanijia kwa ngumi. Nikamsukuma ukutani kwa nguvu zangu zote, na ule ukuta wa mawe na chokaa ukamporomokea. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Kanga ilikuwa pale, ni kunyoosha mkono tu. Niliitamani, kaka. Lakini jiwe lilikuwa limemkalia kifuani na pumzi haimtoki, nikatupa pande langu nikainama kuliinua.

Nilipolisogeza tu, Haji alilinyakua lile pande nililolitupa akanipiga nalo sikioni. Nikaanguka juu ya kifusi.

"Umekufa," akasema, damu zinamtoka puani. "Kaa chini."

Nikakaa. Nililia, kwa maumivu na kwa Mwanaisha. Mshindi hawezi kusimama, maiti haruhusiwi kusimama, tukatazamana hivyo mpaka mwenyekiti aliposema basi.

Fundi wa mifupa amemfunga mguu kwa vibanzi. Ngalawa yake sasa naitoa mimi, na samaki wake nampelekea nyumbani, naviacha vikapu uani na kuondoka kimya. Juzi aliniita ndani. Yuko kitandani, uso bado umevimba.

"Umeshindwa, watu wote wameona," akasema. "Lakini mwandikie kaka yako aje kuposa. Asipite nyuma kama ulivyopita wewe. Aje mchana, abishe hodi."

Nisalimie mama sana, na shemeji yangu mkeo, na shangazi aliyenilea. Mwambie shangazi ile kanzu aliyonishonea sikuivaa vitani. Msalimie pia mjomba wetu seremala.

Njoo, kaka, na kofia yako ya Idi. Ukishuka pwani ya Juani, nyumba yao ni ya kwanza kulia. Mlango uko mbele, umepakwa rangi ya buluu, huwezi kuukosa.

Ni mimi mdogo wako, kibogoyo,
Shomari