Fungate Bila Mnara

Jumatatu, 6 Oktoba

Na tena hakuna aliyetuzuia kwenda kuuona huo mnara wa Paris. Hatukutaka. Mume wangu Désiré amekulia Lyon, mama yake yuko Lyon, kwa hiyo fungate yetu ilikuwa Lyon. Paris ni safari nyingine. Nimemjibu hivyo Mama Baraka leo asubuhi ndani ya basi la kwenda kituo cha Kipling. Hapa Canada tunakaa jengo moja, tunasali kanisa moja. Hakuna pa kumkwepa.

Kosa ni la keki. Shangazi aliagiza keki ya harusi yenye mnara wa sukari juu, na mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi wanaelekea Paris. Tangu tumerudi kanisa zima linasubiri picha.

Nimepiga pasi mashati ya Désiré. Nazipenda hata kola zake. Mke wa mtu. Nalisema neno hilo peke yangu jikoni.

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike ya Lyon kabla sijasahau.

Siku za kwanza mama mkwe aliniita bibi harusi na kunikalisha. Kisha asubuhi moja akaniita Neema, akanituma mkate. Nilifurahi karibu kama siku niliyovishwa pete. Ukiingia dukani unaanza na salamu, ndipo useme shida yako. Usiposalimia unatazamwa kama mwizi. Ukitoka unavunja ncha ya mkate ungali moto, unaila ukitembea. Hata wazee wenye suti na tai.

Soko la kando ya mto. Jibini linalonuka kama soksi. Nikala, nikaomba tena.

Jumapili mchana maduka yamefungwa, wanaume wako juani wanarusha mipira ya chuma na kubishana nani amekaribia shabaha zaidi.

Halafu ile milango. Désiré alisukuma mlango wa kawaida kabisa, kumbe ni njia. Unapita chini ya nyumba za watu, ua, ngazi, unatokea mtaa mwingine. Wenyeji hupita humo kukwepa mzunguko. Alinibusu kwenye ngazi. Bibi mmoja akapita na mfuko wa vitunguu, akatuomba samahani yeye.

Nipewe mnara wa nini?

Ijumaa, 10 Oktoba

Shangazi amepiga simu. Jumapili baada ya ibada kina mama wanakwenda kwake, mtaa wa Agincourt, kutazama picha zetu kwenye televisheni. Kila bibi harusi wa kanisani kwetu hupitia hapo. Na ameshaongea na mpiga picha. Mpiga picha huyo ana kitambaa kikubwa chenye mnara, anakitundika ukutani, unasimama mbele yake.

"Dakika tano tu, mwanangu. Mnasimama, mnacheka, imeisha."

"Sisimami, Shangazi."

"Basi vaa lile koti jekundu."

Hanisikii. Huyu ndiye aliyenichukua baada ya baba yangu, kaka yake, kufariki. Aliyenileta Canada nikiwa mtoto. Nampenda. Sisimami.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda na picha zangu mwenyewe. Mkate. Foleni ya mkate. Mama mkwe na kikapu cha mboga. Désiré akianika nguo zangu kwenye roshani. Mume gani mwingine anafanya hivyo?

"Sasa bibi harusi," akasema Mama Baraka, "hii ni fungate au mlitumwa sokoni?"

Wakacheka. Nami nikacheka. "Vyote viwili, mama."

Ndipo ikaja picha ya kochi. Kochi la sebuleni, limekunjuliwa, shuka, mito miwili. Mama mkwe ana chumba kimoja cha kulala. Alitaka kutupisha, tukakataa. Picha niliipiga kwa sababu mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri.

Shangazi akazima televisheni. "Chai iko tayari, kina mama."

Jikoni hakunitazama. "Nimekulea mimi, ukalale sebuleni kwa watu."

"Nililala vizuri, Shangazi. Ningelala tena."

Hakunisindikiza hata mlangoni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hapokei simu. Kila asubuhi alikuwa ananipigia nikienda kazini.

Désiré anasema, "Piga tu hiyo picha, cheri. Kitambaa ni kitambaa." Tumegombana. Ugomvi wa kwanza wa ndoa. Nimemwambia nikisimama pale nitakuwa nimemkana mama yake na kochi lake. Akaenda kuosha vyombo vyote. Hata nikiwa na hasira nampenda. Inaudhi.

Naogopa. Sina mama mwingine. Lakini sisimami.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamka nikikumbuka. Baridi yetu ya kwanza nchi hii. Tulilala sebuleni kwa mtu, Shangazi na mimi, godoro moja. Alfajiri mwenye nyumba alipita akiruka miguu yetu, akawasha taa, akawasha redio, kama vile hatupo. Shangazi alikuwa anajifunika uso kwa kanga. Mimi nilidhani anacheza nami.

Na nimemwambia ningelala tena. Mimi.

Kumbe hasira yake haikuwa ya mnara. Nimempigia mara mbili. Hajapokea.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Amepiga mwenyewe, nikiwa kituoni. Hakusalimu.

"Huyo mama alikuwa anapita hapo mlipolala?"

"Jiko liko upande wa pili, Shangazi. Lazima apite."

Basi langu likaja, nikaliacha lipite.

"Lakini alikuwa anabisha hodi," nikasema. "Kila asubuhi. Anasimama nje ya sebule mpaka tumkaribishe."

"Nyumbani kwake?"

"Nyumbani kwake."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nadhani alikuwa analia, ila sauti yake ilikuwa ya kawaida aliposema zamu yake inaanza. Akakata.

Sitaomba radhi kwa ajili ya Lyon. Nitaomba kwa lile neno la jikoni, na si kwa simu. Désiré amesema atanisindikiza. Nitakwenda kwake Agincourt kabla mwezi huu haujaisha.