Gauni Lisilofuliwa

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na afya vipi huko kazini? Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo nayo nimeshayazoea.

Nina kosa la kuungama. Lile gauni la kulalia ulilomwachia Kipusa lilikuwa limejaa uji. Nikalifua, nikalianika, nikajiona nimefanya la maana. Alilinusa, akalitupa, akalia siku mbili. Kumbe siku zote hizo binti yako alikuwa anakunusa wewe. Ana miaka mitatu tu, na juzi aliniuliza kama una meno. Naogopa atakusahau kabla hujamaliza mkataba.

Tuma lingine. Lilalie wiki nzima, lishike jasho, usiliguse kwa sabuni. Najua kumwambia dobi asifue ni kama kumtukana, lakini nisikilize.

Mama yako

21 Februari

Mama, shikamoo,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Hilo la meno lilinichekesha, kisha nikaenda chooni nikalia.

Hapa tunafua mashuka ya hoteli tatu. Mvuke umejaa hadi kuta zinatoa jasho, na sare yetu ya nailoni haikauki tangu asubuhi mpaka tunatoka. Shingoni kulinitoka choa, kaduara kenye ukingo mwekundu, kanawasha nusura nijichune ngozi. Muuzaji wa duka la dawa akanipa krimu ya mchanganyiko, akasema inatibu kila kitu isipokuwa umaskini. Siku ya nne kakafifia, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Gauni nimelilalia siku tisa. Mwenzangu wa chumbani anakuja likizo, atakuletea. Nimelifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki ili harufu isitoroke. Mwambie Kipusa meno ninayo yote.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nijibu ukweli, si ule ujambo wako wa kuniridhisha.

Gauni lilifika. Kipusa alizamisha uso humo, akasema "mama", akalala mpaka jua likamkuta. Nilifurahi sana. Wiki ya tatu akatokwa na duara shavuni, upande ule anaolalia, kisha shingoni, kisha kichwani. Ni mapunye. Nywele zinakatika kwa mafungu na panabaki magamba ya kijivu. Nimepaka kila nilichoambiwa na majirani, wapi. Mwalimu wa chekechea amemrudisha nyumbani mpaka apone. Watoto wenzake wanamkimbia, naye anadhani ni mchezo, anawafukuza huku anacheka.

Nitumie hiyo krimu iliyokuponya.

Mama yako

19 Aprili

Mama, shikamoo,

Pole kwa kazi ya kuuguza. Krimu usiitafute. Haikuniponya. Nilipoiacha, choa kilirudi kifuani, kiunoni na chini ya matiti, nami nikazidi kupaka na kuvaa mikono mirefu. Msimamizi alinikuta najikuna mgongo kwa waya wa kutundikia nguo. Akaniondoa kwenye mashuka safi. Sasa nipo uani napokea machafu, mpaka nilete cheti.

Daktari wa ngozi alikwangua magamba, akayatazama kwenye darubini, akasema ni fangasi. Krimu ile inazima wekundu na mwasho, huku chini yake fangasi wanajitanua kwa raha zao. Nameza vidonge.

Kwa hiyo nilipolilalia lile gauni, ugonjwa nilikuwa bado ninao. Mimi ndiye niliyemtumia, Mama. Mashuka ya watu nisiowajua nayachemsha kila siku, mwanangu nikampelekea maradhi ndani ya mfuko.

Mpeleke hospitali. Ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu, dawa yake ni ya kunywa, na asiikatishe hata akionekana amepona. Vitana, taulo, foronya, chemsha vyote. Gauni lichome.

Mwanao

7 Juni

Mwanangu,

U hali gani na hivyo vidonge? Acha kujilaumu peke yako. Aliyesema usifue ni mimi.

Dawa anakunywa wiki ya saba sasa. Nilipoona nywele zinaota niliikatisha siku kumi, nikidhani natumia akili, yakarudi. Daktari alinisema mpaka nikainamisha kichwa. Nami yamenishika hapa mkononi, ambapo huwa analaza kichwa. Tumeambiwa tulale mbalimbali.

Gauni nililichomea nyuma ya nyumba nikidhani amesinzia. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mpaka likaisha, akaniuliza, "Mama ameisha?"

Nilimwambia hapana, lakini nilichelewa kumjibu. Tangu siku hiyo analala peke yake bila kusumbua, na hilo ndilo linalonitisha.

Mama yako

10 Oktoba

Mama, shikamoo,

Mkono wako vipi? Mimi nimepona. Daktari amekwangua mara mbili, hakuona kitu. Nimerudishwa kwenye mashuka safi.

Nilinunua gauni jipya, nikalilalia siku tisa. Siku ya kulifunga, nikalitoa tena kwenye mfuko. Nikalichemsha, nikalipiga pasi ya moto kila mshono. Nikalilalia tena, nikalichemsha tena. Mara tatu, Mama. Ndilo hilo ulilopokea. Naona haya kukuandikia, lakini siwezi tena kumtumia kitu kilichonigusa.

Niambie amelipokeaje.

Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Mkono umepona. Kipusa naye amepona kabisa, nywele zimejaa, nimemsuka mistari minne na amerudi chekechea.

Uliniuliza, basi nakujibu. Alilinusa gauni kwa adabu, kama anavyoonja dawa. Akalikunja, akaniletea.

"Bibi, hili ni lako."

Nikamwambia ni la mama, limetoka kwa mama.

"Mama aliungua," akasema, akaenda kucheza.

Nimelivaa mimi. Nimelinusa kwapani, shingoni, kila pindo, maana hata kwangu mimi, aliyeondoka ni mwanangu. Linanukia sabuni tu.

Najua mkataba haujaisha. Omba ruhusa, na wakikataa, omba tena. Nguo usitume. Njoo mwenyewe, mtoto akuhesabu meno.

Mama yako