Hesabu Ishirini za Asubuhi

Jumamosi, wiki ya pili ya likizo ya Juni. Asubuhi jua, karibu na adhuhuri mvua kubwa kutoka ziwani, sasa jioni kumetulia na kuna baridi. Naandika kabla ya chakula, wakati mambo bado yamo kichwani kwa mpangilio wake.

Mtoto wangu wa pili, binti yangu Asimwe, ana miaka kumi na mitatu na yuko darasa la saba. Mtihani wake hauko mbali. Katika shule ninakofundisha, waliochaguliwa mwaka jana kwenda sekondari hawakujaza benchi moja. Karibu darasa zima lilibaki kijijini.

Kaka yake, Deo, naye alibaki, miaka miwili iliyopita. Alikuwa na akili nyepesi. Likizo yake ya mwisho nilimwacha achume kahawa, acheze mpira na alale hadi jua liwake. Leo yuko katika shamba la kijiji, analima vizuri, na ndiye anayeandika majina ya waliohudhuria kazini. Hajanilaumu hata siku moja. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenilaumu.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku tuliyofunga shule nilisimama mbele ya wazazi nikasema kama ninavyotakiwa kusema: kwamba elimu ya msingi imekamilika yenyewe, kwamba inamwandaa mtoto kuishi na kufanya kazi pamoja na wenzake kijijini, na kwamba si chumba cha kungojea sekondari. Nikawaambia pia kwamba likizo ni ya mtoto. Asaidie kidogo, asome kidogo, acheze. Wazazi walipiga makofi. Jioni ya siku hiyohiyo niligeuza kalenda ya zamani, nikachora nyuma yake ratiba ya Asimwe.

Ndani yake hakukuwa na neno kucheza.

Saa kumi na mbili kuamka na kuchota maji. Saa moja Hesabu. Saa tatu Kiswahili. Saa nne na nusu Siasa na Sayansi, kwa zamu. Alasiri Jiografia, kisha masahihisho ya makosa ya asubuhi. Kati ya saa sita na saa nane niliandika: Mapumziko na kuangalia kahawa. Huku kwetu kuangalia kahawa hakuhesabiwi kuwa kazi. Mtoto hukaa kivulini kando ya mikeka, hufukuza kuku, hugeuza punje kwa mguu ili zikauke pande zote, na wingu likionekana hukusanya haraka au huita watu. Mzazi akiulizwa mtoto anafanya nini, hujibu kwamba amekaa tu. Nami niliamini hivyo.

Mke wangu aliisoma ratiba ikiwa bado mezani.

"Baba Deo," alisema, "hata mapumziko yenyewe umeyapa kazi."

Nilimjibu kwamba mtihani haupumziki. Ni jibu ambalo ningemkatia mwanafunzi alama, kwa sababu halijibu swali.

Jumanne iliyopita Asimwe alinyanyuka katikati ya hesabu kwenda kuwatazama wenzake waliokuwa wakipita njiani na ndoo zao, wakiimba. Hakuzidi dakika moja. Nilichana ukurasa, nikamwanzishia upya kutoka swali la kwanza. Hakulia wala hakununa. Niliona hiyo ni dalili njema.

Leo ilikuwa zamu ya shamba la kijiji, na Jumamosi kila mtu mzima huenda. Kabla ya kuondoka nilitoa meza ndogo nikaiweka barazani.

"Maswali ishirini. Usinyanyuke kabla ya kumaliza."

"Ndiyo, Tata," alijibu, akiniita baba kwa Kihaya.

Mama yake alikuwa amekwisha kufika njiani. Aligeuka akapaza sauti: "Na kahawa uitazame, mwanangu!"

Amri mbili, kutoka kwa watu wawili, kwa mtoto mmoja. Sikuona kwamba zinapingana.

Wingu lilitokea upande wa ziwa tukiwa tunang'oa maharage. Juni huwa kavu, kwa hiyo watu walisimama kulitazama badala ya kukimbia, na tulipoanza kukimbia mvua ilikuwa imekwisha kutupita. Nilipofika nyumbani, kahawa ya siku nne ilikuwa imetawanyika uani. Punje zilikuwa zimetiririka na maji hadi kwenye migomba. Mkeka mmoja ulikuwa umejikunja kwenye shina la mgomba kama nguo iliyoangushwa.

Asimwe alikuwa barazani, hatua kumi kutoka kwenye mikeka hiyo. Alikuwa ameinamia daftari. Mvua ilikuwa imemrushia maji upande mmoja, na gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia begani hadi gotini. Alikuwa kwenye swali la kumi na saba.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Petro, ambaye shamba lake linapakana na langu, alikuja na kapu kutusaidia kuokota. Ni mtu asiyeweza kuokota kimya.

"Mwalimu, kahawa yako imebatizwa leo! Msimamizi wake nani, niwe mimi?"

Majirani wawili waliokuwa naye walicheka.

"Kwenye chama cha ushirika wakiikataa kwamba ina unyevu," aliendelea, "waambie wasimfukuze Mkristo mpya."

Mke wangu naye alicheka, nadhani kwa sababu ya uchovu. Mimi sikucheka. Nilipanda barazani.

"Hukuiona mvua?"

"Niliiona, Tata."

"Basi?"

"Ulisema nisinyanyuke."

Hakusema kwa ujeuri. Ningeujua ujeuri, nimeusikia kwa miaka kumi na tisa darasani. Alisema kama mtoto anayejibu swali ambalo jibu lake limeandikwa ubaoni. Kisha akangoja nimwambie kama amepata au amekosa.

Mama yake aliweka kapu chini. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi, akasema kwa Kihaya maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kahawa tutaianika tena. Mtoto huyu umemfanya nini?"

Ta Petro aliacha mzaha. Aligundua ghafla kwamba kuna punje nyingi sana upande wa pili wa ua, akaenda huko na wenzake.

Nilichukua daftari. Ni mazoea: mwalimu asiyejua la kusema husahihisha. Maswali kumi na moja ya kwanza yalikuwa sahihi, tena kwa mwandiko mzuri. Kuanzia la kumi na mbili jibu lilikuwa lilelile: thelathini na sita. La kumi na tatu, thelathini na sita. La kumi na nne, thelathini na sita. Hivyo hadi chini, huku amenakili kila swali kikamilifu na kupigia mstari kila jibu kwa rula.

Mkono ulikuwa ukiandika. Yeye mwenyewe hakuwapo.

Madaftari ya namna hiyo nayafahamu. Nimeyaona kwa watoto wa watu wengine, na nimewaita wazazi wao ofisini, nikawaeleza kwa upole kwamba mtoto amechoka na anastahili kuachwa kidogo. Wengine walinishukuru. Mwezi uliopita Asimwe huyuhuyu alinibishia kuhusu njia fupi ya kugawanya. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na alikuwa sahihi. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sikumwonyesha.

Tulipomaliza kuokota, mke wangu alisema Asimwe apelekwe Izimbya kwa mama mkwe wangu kwa wiki moja. Kule kuna binamu zake, na bibi yake hana saa wala kalenda. Nilianza kuhesabu vipindi vitakavyopotea, kisha nikaacha. Nilikubali wiki. Kwamba aende bila kitabu hata kimoja, hilo lilinichukua muda mrefu zaidi, na mke wangu alilazimika kulisema mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza.

Sikukubali kwa huruma. Nilikubali kwa sababu daftari lilikuwa mbele yangu na sikuwa na namna ya kulipinga. Hofu bado ninayo. Asipochaguliwa, nitaikumbuka wiki hii siku zote, kama ninavyoikumbuka likizo ya Deo. Sijui ni kiasi gani cha kusoma kinachomfikisha mtoto, na ni kiasi gani kinachomvunja. Wazazi huniuliza hivyo shuleni, nami huwajibu bila kusita.

Nilimwita Asimwe nimweleze mwenyewe. Nilitazamia kwamba atafurahi. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anavyosimama darasani.

"Jumatatu utakwenda Izimbya kwa bibi. Utakaa wiki moja."

"Ndiyo, Tata. Hesabu za Jumatatu nizifanye leo au kesho?"

"Hakuna hesabu za Jumatatu."

"Na za Jumanne?"

"Hakuna. Wiki nzima hakuna."

Alinitazama kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu aliyeuliza swali lenye mtego. Kisha akauliza, polepole:

"Ni adhabu, Tata?"

Nilimwambia kwamba si adhabu. Nilimwambia mara mbili. Aliitikia mara zote mbili, kwa adabu, na niliona kwamba hakuniamini.

Nimeamua kwamba Jumatatu nitampeleka mimi mwenyewe, si mama yake. Tutapanda basi la asubuhi hadi Bukoba, na huko tutatafuta gari la Izimbya. Ni safari ndefu, na nitakaa naye kiti kimoja. Sitamwuliza mji mkuu wa nchi yoyote. Sitamwuliza kilomita ngapi, wala saa ngapi, wala jina la mto tutakaouvuka.

Nimejaribu kufikiri ni nini kingine ambacho huwa nazungumza na mtoto huyu, na mpaka sasa sijakipata. Kesho ni Jumapili. Nina siku moja ya kukitafuta.