Waya Uliokuwa na Joto

Mlalo,
Tarehe 9 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe. Habari za hapo Bungu, na kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima. Loveness ameota jino la pili. Nakuandikia barua kwa sababu simu imeungua.

Mama, chumba chetu kiliungua Jumanne mchana. Mimi nilikuwa bombani nachota maji, mtoto nimemlaza. Shemeji Zabron, mdogo wake Alen, ndiye aliyeona moshi. Aliingia akamtoa Loveness amemfunika kwa koti lake. Mtoto hana hata alama. Zabron mikono yote miwili ina bandeji, analishwa kwa kijiko. Mimi sijalia bado. Nafua, napika, nanyonyesha, kama vile namtazama mtu mwingine akifanya.

Unajua Zabron ndiye aliyetufungia umeme alipomaliza ufundi. Sasa baba mkwe anasema nyaya zake ndizo zilizounguza nyumba. Alimwambia mbele ya watu kwamba hicho cheti chake akafungie maandazi. Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa, wanataka aape hatashika tena waya wa mtu. Mwenyewe hajitetei. Anasema huenda alikosea mahali, halafu anauliza kama mtoto amenyonya.

Mama, hakukosea. Ni mimi.

Ile ekstensheni uliyoniletea nilipojifungua, niliichomekea jiko la umeme la kupashia maji ya mtoto. Ni ndefu, nikaiviringisha msumarini ikae vizuri. Ikawa inapata joto. Na ukungu wa huku unaujua, nepi wiki nzima hazikauki. Nikaanza kuzianika juu ya ule waya. Zilikauka, mama. Nilifurahi sana.

Mwezi wa sita Zabron aliiona. Akaniambia, shemeji, ekstensheni ikibeba jiko inakunjuliwa yote, na uwe unaipapasa. Ukisikia joto, au plagi ikianza kuwa nyeusi, chomoa. Nikamwambia kwa baridi hii wewe unafukuza joto? Tukacheka. Akaikunjua kwa mikono yake. Alipotoka tu, nikaiviringisha tena.

Hilo halijui. Jumanne nilianika nepi sita, nikaenda bombani jiko linawaka.

Jumapili nitasimama niseme kabla hajaapa. Sijui mume wangu Alen atanitazamaje. Natumaini ipo siku atanitazama kama zamani.

Mama, wewe ulinunua mbili zinazofanana. Yako umeiviringisha msumarini nyuma ya kitanda, na mimi niliiga kwako. Ukimaliza kusoma hapa, inuka ukaishike. Kama ina joto, chomoa, usingoje mtu.

Nisalimie dada Raheli na majirani wote. Loveness anakupungia mkono, mama. Mkono mzima.

Mwanao akupendaye,
Yunis